UZI: Wakili aliyewasimamia wazee wa Mau Mau dhidi ya Serikali ya Uingereza, kisha akawa Mwanasheria Mkuu wa serikali hiyohiyo

Kalamu Nyeusi (mleta mada)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, mwenye chai akae.

Julai 2024 chama cha Labour kilishinda uchaguzi Uingereza na Keir Starmer akaingia Downing Street kama Waziri Mkuu. Wakati anatangaza baraza lake, kiti cha Mwanasheria Mkuu wa Serikali wengi walikuwa wameshakigawa kichwani. Walijua ni cha Emily Thornberry, mwanasheria na mbunge mkongwe, ambaye ndiye aliyekuwa akikishikilia upande wa upinzani. Mama wa watu hakupewa. Likasomwa jina la Richard Hermer, na hata waandishi wa habari wa kwao ikabidi waingie mtandaoni kutafuta huyu ni nani.

Hakuwa mbunge. Hakuwahi kuomba kura ya mtu yeyote. Ili aweze kusimama bungeni na kujibu hoja, ikabidi apewe ulodi, yaani kiti cha baraza la juu la bunge, haraka haraka: Lord Hermer wa Penylan, mtaa wa mji wa Cardiff, Wales, alikokulia. Kufumba na kufumbua, wakili wa kesi akawa mwanasiasa na waziri.

Sasa kwa nini nawaletea habari za lodi wa Cardiff humu ndani? Kwa sababu huyu bwana ndiye aliyekuwa wakili kiongozi mahakamani London wakati wazee wetu wa Mau Mau walipoishtaki Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza kwa mateso ya kambi za vizuizi. Wakili aliyekuwa anawakaba koo sasa anakaa nao meza moja na kuwaambia lipi halali na lipi haramu.

Naendelea. Msiingilie kwanza.

Nyundo ya Chuma

Nimeweka kambi. Tiririka mkuu.

Mpiga Kasia

Samahani kwa kuingilia. Nimesoma mahali kwamba jamaa ni "barista". Si ndio wale wanaotengeneza kahawa za povu pale Masaki?

Kalamu Nyeusi

Hahaha, matamshi tu yanafanana mkuu. Wenzetu Waingereza uwakili wameugawa mafungu mawili. Kuna solisita, ambaye ndiye mteja anamwendea ofisini: anapokea malalamiko, anakusanya ushahidi, anaandika barua, anafungua jalada. Halafu kuna huyu wa pili, wa wigi na joho, ambaye kazi yake kubwa ni kusimama mbele ya jaji na kuzungumza. Wa pili, kwa kawaida mteja hamwendei moja kwa moja, huletewa kesi na solisita. Ili uwe mmoja wao lazima upokelewe na moja ya nyumba nne za kale za London: Inner Temple, Middle Temple, Lincoln's Inn au Gray's Inn. Kwetu Tanzania na Kenya wakili mmoja anafanya yote, ndiyo maana tofauti hii inatuchanganya.

Hermer alipokelewa uwakili 1993, akaingia Doughty Street, ofisi ya mawakili iliyojijengea jina kwa kesi za haki za binadamu. Na nani alikuwa pale tayari? Kijana mmoja anaitwa Keir Starmer. Urafiki wao ulianzia hapo. Starmer alipogombea uongozi wa chama 2020, Hermer alimchangia paundi 5,000. Kwa hiyo anayetaka kusema ni mambo ya kubebana, hiyo karata nampa mwenyewe, asihangaike kuitafuta.

Mwaka 2009 Hermer akapandishwa daraja. Wenyewe husema mtu "amevaa hariri", maana joho la mawakili waandamizi, wakati ule wakiitwa mawakili wa Malkia, hushonwa kwa hariri. Mwaka huohuo ndio kesi yetu ikafunguliwa.

Bint Mvita

Starmer mwenyewe ana historia na huku kwetu. Kabla ya siasa alikuwa katika kundi la mawakili wa London waliosaidia bure kesi ya wafungwa wa kunyongwa Uganda, ile ya Susan Kigula na wenzake. Walalamikaji walikuwa 417. Mahakama ya Katiba ikatoa hukumu 2005, Mahakama ya Juu ikaithibitisha Januari 2009: adhabu ya kifo ya lazima, ambayo jaji hana uchaguzi, ni kinyume cha katiba. Na aliyekaa zaidi ya miaka mitatu akisubiri kitanzi baada ya rufaa kuisha, kitanzi kiondolewe.

Kalamu Nyeusi

Asante dada, umeniokolea aya nzima. Tuseme tu mawakili wa Kampala ndio waliobeba mzigo wa ile kesi, hao wa London walishika nguzo.

Turudi kwa wazee wetu.

Juni 2009 wazee watano kutoka Kenya walifungua shauri Mahakama Kuu ya London. Nyuma yao walikuwepo Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ile isiyo ya serikali, na chama cha maveterani wa Mau Mau. Mtu atauliza, mbona wamechelewa hivyo, kutoka miaka ya hamsini hadi 2009? Jibu mojawapo ni kwamba Mau Mau ilikuwa bado imepigwa marufuku kisheria ndani ya Kenya huru! Marufuku ya mkoloni ya 1950 iliondolewa 2003, Kibaki alipoingia. Miaka arobaini ya uhuru, mpigania uhuru hana ruhusa ya kusajili chama chake. Hapo Mwingereza hatumlaumu peke yake.

Solisita walikuwa kampuni ya Leigh Day. Wa kusimama na wigi akiongoza alikuwa Hermer.

Utetezi wa kwanza wa Serikali ya Uingereza ulinichekesha kwa uchungu. Hawakusema hapakuwa na mateso. Walisema kama kuna deni la mateso, lilihama. Serikali ya kikoloni ya Kenya ilikuwa chombo chake chenyewe, na bendera iliposhuka Desemba 1963, madeni yake yalirithiwa na Jamhuri ya Kenya. Kwa Kiswahili cha mtaani: nenda kamdai Kenyatta.

Yaani mtu kapigwa na bwana shamba, halafu anaambiwa shamba limeuzwa, akamdai mnunuzi. Na mnunuzi mwenyewe ni mtoto wa aliyepigwa.

Tarehe 21 Julai 2011 Jaji McCombe alikataa kuitupa kesi. Alisema wazee wana hoja ya kusikilizwa, na kwamba sheria ya Uingereza, ambayo haipokei ushahidi uliopatikana kwa mateso, ingejiaibisha kama ingefumba macho kwa madai ya namna hii.

Nyundo ya Chuma

Sasa ushahidi waliupata wapi? Miaka hamsini, mashahidi wamekufa.

Kalamu Nyeusi

Hapo ndipo patamu.

Mkoloni alipofungasha, alifungasha na majalada. Mengine yalichomwa moto kabla ya bendera kushuka, mengine yakasafirishwa. Wanahistoria David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett walitoa maelezo yao kwa mahakama, na Anderson akasisitiza kwamba kuna makaratasi ya Kenya yaliyoondoka mwishoni mwa 1963 na hayajawahi kuonekana kwenye hifadhi ya taifa. Serikali ikabanwa itafute. Mwaka 2011 ikakiri: yapo Hanslope Park, jengo la serikali lenye ulinzi mkali huko Buckinghamshire. Ya Kenya peke yake masanduku kama 300. Yalipohesabiwa yote, yalikuwa majalada 8,800 hivi kutoka makoloni 37.

Fikiria wewe ni wakili, umeanza kesi na kumbukumbu za wazee wa miaka themanini, halafu aliyeshtakiwa mwenyewe anakiri ana ghala la karatasi alizoandika kwa mkono wake.

Julai 2012 wazee waliingia kizimbani London kutoa ushahidi. Mmoja wao, Wambugu wa Nyingi, alikuwa kambi ya kizuizi ya Hola tarehe 3 Machi 1959, siku wafungwa 11 walipopigwa mpaka kufa. Yeye alizimia, akalazwa pamoja na maiti. Kuna na Jane Muthoni Mara na Paulo Nzili. Waliyofanyiwa hao wawili sitayaandika hapa, humu wamo watoto. Wakili wa serikali alisimama akasema serikali haipingi kwamba waliteswa. Ila, akaongeza, muda umepita, kesi haiwezi tena kusikilizwa kwa haki.

Tarehe 5 Oktoba 2012 McCombe akawajibu kwamba inawezekana, maana karatasi zipo. Ghala lao likawafunga wenyewe.

Juni 6, 2013, Waziri wa Mambo ya Nje William Hague akasimama bungeni: serikali inatambua kwamba Wakenya waliteswa, inasikitika kwa dhati, na italipa paundi milioni 19.9 kwa watu 5,228, gharama za mawakili zikiwa humohumo. Ila haikubali kwamba inawajibika kisheria.

Mchoma Mahindi

Milioni 19.9 kwa watu 5,228? Nimepiga hesabu, hata bila kutoa cha wakili haifiki paundi 4,000 kwa kichwa. Hiyo ndiyo haki? Mawakili ndio waliokula hapo, usitudanganye mkuu.

Kalamu Nyeusi

Hesabu yako ni sahihi na hasira yako ni halali. Sijasema walishinda kiasi cha kutosha. Na kuna kundi jingine, zaidi ya watu 40,000, lililofungua kesi baadaye na mawakili wengine kabisa. Ile ya pili Serikali ya Uingereza iliipigania mpaka mwisho, na 2018 mahakama ikaitupa, hoja kubwa ikiwa hiyohiyo ya muda kupita. Kwa hiyo hao 5,228 ndio waliopata chochote.

Wa Tumutumu

Mimi ni wa Nyeri, huwa nasoma tu hapa bila kuandika. Guka (babu) wangu alifungwa kizuizini miaka minne. Hakuwa kwenye orodha ya hao 5,228 kwa sababu alizikwa 1996. Alikuwa hapendi mtu amguse masikio, hata kinyozi alikatazwa. Sisi watoto tulidhani ni ukali tu wa mzee. Nilipoona wazee wanacheza nje ya hoteli Nairobi siku ile habari zilipofika, nililia na sikujua nalia nini hasa.

Endelea ndugu.

Bint Mvita

Pole sana ndugu yetu.

Kalamu Nyeusi

Pole, mkuu. Nimekaa kidogo kabla ya kuandika hii inayofuata.

Katika yale majalada ilitoka barua ya Juni 1957. Mwandishi ni Eric Griffith-Jones, kwenda kwa Gavana Evelyn Baring. Mada: namna ya kuwapiga wafungwa wagumu makambini bila kuvunja sheria, au tuseme, namna ya kuitengeneza sheria ili kipigo kienee ndani yake. Anaelekeza mwili upigwe wapi na usipigwe wapi, na kwamba anayepiga awe ametulia, asiwe na jazba. Kisha kuna mstari uliokuja kujulikana dunia nzima: kama ni lazima tutende dhambi, basi tuitende kimyakimya.

Huyu Griffith-Jones hakuwa askari wala bwana jela. Alikuwa Mwanasheria Mkuu wa koloni la Kenya.

Hii ndiyo sababu nimeanzisha uzi. Kazi ni ileile. Mwaka 1957 Mwanasheria Mkuu anaulizwa na wakubwa "tunaweza?", naye anawatafutia njia. Miaka hamsini na zaidi baadaye wakili mwingine anaisoma barua hiyo kama ushahidi dhidi ya serikali. Halafu huyo wa pili naye anapewa cheo chenye jina lilelile, London kwenyewe, na wakubwa wanaanza kumjia na swali lilelile.

Na kuna jambo dogo ambalo sijaona likitajwa sana. Ofisi iliyokuwa inaitetea Wizara kwenye kesi ya Mau Mau ni ya mawakili wa serikali, wakati ule ikiitwa Treasury Solicitor. Ilibadilishwa jina 2015. Leo inasimamiwa na nani? Na Mwanasheria Mkuu. Makarani waliokuwa wanambishia mahakamani sasa wanapeleka mafaili kwake asaini.

Wakili wa Ndotoni

Mleta mada uko vizuri, ila unamfanya malaika. Nami niseme upande wa pili. Wapinzani wake, hasa Robert Jenrick, wakati ule wa chama cha Conservative, walimshika kwa orodha ya wateja wake: Gerry Adams, mwanasiasa wa Ireland Kaskazini, Shamima Begum aliyevuliwa uraia baada ya kwenda Syria, na wengine. Hoja yao ni rahisi: mtu aliyetumia maisha yake yote kuishtaki serikali ataitetea vipi? Na akiombwa ushauri kwenye jambo linalomhusu mteja wake wa zamani, itakuwaje?

Kalamu Nyeusi

Swali zuri, na sitalikwepa.

Jibu la mawakili wa Kiingereza ni kanuni wanayoifananisha na foleni ya teksi. Mnaijua, ni kama kijiwe cha bodaboda chenye utaratibu: wa zamu ndiye anayembeba abiria anayefuata, awe mlevi, awe shehe. Wakili hachagui mteja kwa kumpenda. Kesi ikiwa ya fani yake, na nafasi anayo, na ada ipo, anaichukua. Ndivyo hata muuaji anavyopata mtu wa kumsemea. Kwa hiyo kumwita mtu rafiki wa mteja wake ni kutojua kazi, na Jenrick mwenyewe kasomea sheria, anajua.

Lakini nakupa nusu ya hoja. Hermer hakupakia abiria wa kila aina. Tazama kesi zake: wanakijiji 1,826 wa Chingola, Zambia, dhidi ya kampuni ya Vedanta kwa maji yaliyochafuliwa na mgodi wa shaba (Mahakama ya Juu ya Uingereza ikawakubalia 2019 kwamba wanaweza kuishtaki kampuni mama London). Kisha jamii za Ogale na Bille za Nigeria dhidi ya Shell, wakakubaliwa vivyo hivyo Februari 2021. Mtu wa namna hiyo ana kijiwe chake, na abiria wa kijiwe hicho wanajulikana. Kanuni ya teksi haifuti jambo hilo.

Kuhusu mgongano wa maslahi, utaratibu wao ni kwamba anajitenga na jambo linalogusa kesi zake za zamani, na ofisi inaweka uzio. Tatizo, wapinzani walimtaka ataje hadharani amejitenga na lipi na lipi, na desturi ya ofisi ile ni kutosema imetoa ushauri gani, hata kama imeutoa. Usiri huo ni wa miaka mingi, haukuanza naye. Ila kwa mtazamaji unafanana sana na kuficha.

Mpiga Kasia

Sawa, na huko uwaziri kafanya nini cha maana? Maana mawakili wetu wakiingia siasa huwa wanasahau hata vifungu.

Kalamu Nyeusi

Machache nitataja, mengine ni ya ofisini tu.

Kanuni za Mawaziri za Novemba 2024 zilirudisha maneno yanayotaja wazi sheria za kimataifa, maneno yaliyokuwa yameondolewa 2015. Yeye ndiye mwenye msimamo huo kuliko wote mle ndani. Mwezi huohuo akarekebisha mwongozo wa jinsi mawakili wa serikali wanavyowaambia mawaziri kwamba jambo lina hatari ya kushindwa mahakamani. Mawaziri hawakufurahi wote. Baadhi ya wenzake wa chama walinong'ona magazetini kwamba jamaa ni breki, kila kitu "subiri tuangalie sheria".

Mei 2025 akajikwaa. Alitoa hotuba London akiwasema wanaotaka Uingereza ijitoe kwenye mikataba ya haki za binadamu pale inapowabana, akamtaja Carl Schmitt, mwanasheria wa Kijerumani aliyekuja kuwatumikia Wanazi. Conservative wakawaka: anatuita Manazi! Ikabidi aseme anajuta kuutumia mfano huo, na kwamba maneno yake yalikuwa ya hovyo. Hapo ndipo unaona hajawahi kuomba kura. Mahakamani unaweza kumtaja Schmitt, jaji atakuelewa. Kwenye siasa mwenzako anasubiri neno moja tu, mengine hayasikii.

Mwezi huohuo, tarehe 22, serikali anayoishauri ikatia saini mkataba wa Chagos: visiwa vinarudi kwa Mauritius, kambi ya kijeshi ya Diego Garcia inakodishwa kwa miaka 99, wastani wa paundi milioni 101 kwa mwaka. Kwa sheria za kimataifa unaweza kuusifu. Lakini Wachagosi wenyewe, waliofukuzwa pale miaka ya sitini na sabini, wengi wanalalamika kwamba walioketi mezani ni serikali mbili na wao wakabaki nje ya mlango. Hapo nilitamani kuona yule wakili wa 2011, nikamwona waziri.

Mchoma Mahindi

Sasa hapo tumeelewana.

Bint Mvita

Mimi nakumbuka mawakili wa Kiingereza wa zamani zaidi. D.N. Pritt aliwahi kuwa mbunge kule kwao, akaja kumtetea Kenyatta Kapenguria 1952 hadi 1953, kisha akaja Dar es Salaam 1958 kumtetea Nyerere kwenye kesi ya kashfa, na Mwalimu akapigwa faini akailipa. Pritt hakuwahi kupewa uwaziri wala ulodi. Labour walikuwa wamemfukuza chamani tangu 1940. Nyakati zimebadilika.

Kalamu Nyeusi

Kweli kabisa dada. Pritt alifukuzwa kwa kuitetea Urusi ilipoivamia Finland, si kwa kesi zetu, ila mtu wa aina yake wasingempa ofisi ile hata kwa bahati mbaya.

Wa Tumutumu

Ndugu, swali la mwisho kutoka kwangu. Ile sanamu waliyoahidi kwenye makubaliano ya 2013 iko wapi? Nataka kumpeleka mama likizo hii.

Kalamu Nyeusi

Iko Nairobi, Uhuru Park, upande wa Freedom Corner. Ilizinduliwa tarehe 12 Septemba 2015 na Serikali ya Uingereza ndiyo iliyotoa fedha. Ni mwanamke anampa chakula mpiganaji wa msituni, na wote wawili wamegeuza nyuso pembeni. Walikuwa wanafanya hivyo ili mmoja akikamatwa na kuteswa, asiweze kumtaja mwenzake.

Wa Tumutumu

Cucu (bibi) alikuwa akipeleka ngwaci (viazi vitamu). Asante.